Sahihi ya Mutembei

Mimi ni daktari wa wanyama hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na hasira zangu ziko karibu. Kliniki yetu ina sheria moja: kila asubuhi sanduku la dharura linakaguliwa, kisha linafungwa kwa selotepu yenye sahihi ya aliyelikagua. Ukiona sahihi, huna haja ya kufungua. Mutembei, mwenzangu tangu chuo, ndiye aliyeitunga sheria hiyo.

Juzi saa saba mchana Mama Ciakuthii aliingia amembeba mbwa wake Bosco kwa leso. Bosco alikuwa amegongwa na pikipiki. Ufizi umegeuka buluu, tumbo linahangaika kuvuta pumzi. Nikamgonga kifuani kwa vidole, pakalia kama debe tupu. Hewa ilikuwa imevuja nje ya mapafu na inayabana. Alihitaji oksijeni, na sindano ndefu ya kuinyonya ile hewa.

"Nelius mwanangu, asife. Tuko wawili tu pale nyumbani."

"Hafi, mama."

Nikakata selotepu. Ilikuwa na sahihi ya Mutembei, tarehe ya siku hiyo hiyo. Ndani, pamba na bandeji tu. Ala! Sindano ndefu hakuna. Mtungi wa oksijeni hakuna.

Nikampigia simu.

"Nelius, usipandishe hasira. Niko navyo huku Meru, Kinoru. Jumatatu nafungua kliniki yangu. Ningekwambia tu."

"Na ukatia sahihi?"

Nikakata simu.

Nikajaribu na sindano fupi za chanjo. Bosco ni mbwa mnene, hazikufika popote. Nilichoma huku nikimtukana Mutembei kwa Kiembu, mama yupo, wala sikujali. Bosco akavuta pumzi mara mbili, akaacha.

Nililia waziwazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka tisa nimekula na mtu huyu sahani moja!

Mama Ciakuthii akanishika mkono, naye machozi yanamtoka. "Umejitahidi. Hata Daktari Mutembei amenisaidia. Nilimpigia kwanza, maana yeye ndiye humchanja Bosco. Nilitaka kumpeleka kwa yule daktari wa kule sokoni mwenye oksijeni, akanikataza. Akasema nije hapa, hakuna kinachokosekana." Akatoa simu. "Ngoja nimshukuru."

Damu ikanipanda kichwani. Kumbe alijua!

"Piga, mama," nikasema. "Lakini usimshukuru. Mwulize kwa nini alikukataza kwenda sokoni."