Barua Nne kwa Yaya Lambert

Mashini iliandika «Message envoyé», na Angèle akaitazama kwa hasira. Hiyo ilikuwa barua ya nne kwa yaya wake, kaka yake mkubwa Lambert. Alipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza alifurahi, akazima mashini na kwenda zake sokoni kununua mboga ya lengalenga. Mara ya pili aliyasoma, akayarudia. Sasa, siku ya kumi na moja, alitamani kuyafuta kwa kidole. Imetumwa, imetumwa! Imetumwa wapi?

Angèle alikuwa sekretere wa umoja wa wafanyabiashara wanaoleta viazi, maharagi na kabichi kutoka Kpandroma hadi masoko ya Bunia. Ulikuwa mwaka wa 2009. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, barabara ya Kpandroma ilipitika kwa roho mkononi, na biro ya umoja, chumba kimoja tu katika mtaa wa Lumumba, ilikuwa imepewa mashini ya kompyuta na antene ya interneti na wafadhili. Angèle peke yake ndiye aliyejua kuitumia. Ndiyo maana barua za nyumbani kwao zilitoka kwa anwani ya umoja, si ya kwake. Ya kwake angeitoa wapi? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kuwa na anwani yake mwenyewe, tena bure.

Na huko nyumbani, mtaa wa Bigo, mguu wa mama yake ulikuwa unaoza. Nasema hivyo wazi kwa sababu Mama Élise mwenyewe alisema hivyo hivyo. Ugonjwa wa sukari ulimshika miaka mingi, kidonda kidogo cha kidole kikawa kidonda cha unyayo mzima, na daktari Félicien akasema wakate chini ya goti, haraka, kabla ubaya haujapanda.

«Docteur, sikatae,» mama alimjibu. «Lakini Mumbere aseme kwanza.»

Mumbere, jina la mvulana wa kwanza kwa kabila lao, ndiye Lambert, kifungua mimba wake. Baba yao alipokuwa anakufa, wakati wa vita, alimwachia Lambert nyumba kwa mdomo wake, wote wakisikia. Tangu siku hiyo hakuna mbuzi aliyeuzwa, hakuna binti aliyeolewa, hata choo hakikuchimbwa, bila Mumbere kusema. Kwamba Lambert alikwisha kupelekwa Kanada pamoja na wakimbizi wengine, hilo kwa mama halikubadilisha kitu. Mdogo wao Kule, jina la wavulana wa nyuma, alijaribu kumkumbusha kwamba yeye pia ni mwanaume wa nyumba hiyo. Mama alimwangalia kwa huruma.

«Weye uko Kule, mutoto yangu,» alimwambia, na maneno yakaishia hapo.

Simu walijaribu. Namba ya Lambert waliyokuwa nayo ilipokelewa na mwanamke fulani aliyesema Kiingereza tu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu anayetukana.

Basi Angèle akaanza kutafuta kosa. Mtu wa damu yako hanyamazi hivi hivi, lazima kuna kitu! Katika barua ya kwanza alikuwa ameeleza ugonjwa tu, kwa heshima. Ilipokosa jibu, akakumbuka kwamba ni yeye aliyesema, mbele ya wageni, kuwa mke wa Lambert anapika bugali laini kama uji. Labda neno lilimfikia. Barua ya pili akaomba msamaha wa bugali. Kimya. Akakumbuka shati jeupe la Lambert, lile la komunyo, alilolichoma kwa pasi akamsingizia Kule. Barua ya tatu akakiri shati. Kimya. Ya nne ilikuwa aibu tupu. Alikiri kwamba siku Lambert anaondoka, yeye hakuwa na malaria yoyote. Alijifunika blanketi kwa sababu hakutaka kumwona yaya wake akipanda gari. Alilia akiandika, na Angèle si mtu wa kulia ovyo.

«Yaya, kama unanichukia miye, sawa,» aliiambia mashini. «Lakini mama alikukosea nini?»

Hakuelewa. Aligeuza mambo huku na huku kichwani, asielewe. Lambert aliyekuwa akiandika kila mwezi kuuliza kama mama anakula vizuri, ndiye huyu? Au amekufa huko, na hakuna wa kuwaambia?

Siku hiyo hiyo Gérard alipita kuangalia antene. Gérard alikuwa fundi wa mashini, mwenye siberi, duka la interneti, pale karibu, na aliitwa na Muzee Josaphat, prezida wa umoja, aliyelalamika kwamba wateja nao hawajibu tena. Alikaa kwenye kiti cha Angèle, akafinya vitufe hapa, akafinya pale, akapiga mluzi mdogo.

«Dada Angèle, adresi yenu iko kwa liste noire.»

Listi nyeusi: katika mji mwingine hayo yangekuwa maneno ya fundi tu. Bunia si mji mwingine. Watu wa hapo walikwisha kujua listi ni nini. Wakati wa vita listi zilisomwa kwenye vizuizi vya barabara, na aliyeitwa jina hakuonekana tena. Angèle alisimama taratibu, akaenda akafunga mlango.

«Nani alituandika?» akanong'ona.

«Hakuna mutu. Ni mashini.»

«Mashini haina chuki na mutu! Nani aliipatia jina yetu? Ni batu ya upande gani?»

«Dada, sikiliza...»

«Na jina ya mama iko mule? Na ya Kule?»

Gérard alitaka kucheka. Kisha akaona Angèle alivyoshikilia kitasa kwa mikono miwili, na kicheko kikamkauka. Alimvutia kiti.

«Ikala. Hakuna mutu anatafuta kuua mutu,» alisema polepole. «Huko mbali kuna mashini zinachunga barua, kama vile sentineli anachunga mulango. Ukituma barua mingi kwa batu benye haziwahusu, bale batu banafinya kitu moja kusema: hii sitaki. Wakifinya wengi, adresi yako inaandikwa. Toka siku ile barua yako inafika kwa mulango, sentineli anaitupa kwa kikapu. Weye unaona envoyé. Yeye haone kitu.»

«Lakini siye hatutume ovyo! Tunatuma bei ya viazi, na mukutano, na...»

Hapo akakumbuka. Na matangazo ya vifo.

Kabla mashini haijaja, mwanachama akifiwa, umoja ulitangaza redioni, mara tatu kwa siku, kwa majina ya ukoo mzima, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakuambiwa. Mtu wa Bunia unaweza kumnyima vyote, lakini ukisahau kumwambia matanga, hilo halitoki moyoni mwake. Mashini ilipofika, Muzee Josaphat alifurahi kama aliyepata redio yake mwenyewe. Tangu hapo, kila kifo Angèle alikiandika kwa herufi kubwa, TANGAZO LA KIFO, akakituma kwa anwani zote zilizomo katika daftari, zaidi ya mia sita: wanachama, watoto wao walioko Kampala na Ubeleji, wateja, wafadhili, hata muuza magurudumu mmoja wa Dubai aliyewahi kuandika kwa makosa. Na alituma asubuhi, akatuma saa sita, akatuma jioni.

«Mara tatu?» Gérard aliuliza. «Kila mufu?»

«Kwani redio inatangaza mara ngapi?»

Gérard alijishika kichwa. Mlango ulifunguliwa, Muzee Josaphat akaingia na kofia mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu dirishani, kama kawaida yake.

«Sasa mutu afe, siye tunyamaze?» alifoka. «Ule wa Dubai akose habari, atasema nini juu yetu?»

«Atasema asante, Muzee,» Gérard akajibu.

Angèle hakucheka. Alikuwa bado anageuza jambo moja kichwani: barua zake nne ziko mlangoni kwa Lambert, ndani ya kikapu, na Lambert anapita karibu nazo kila siku. Kwa nini basi haangalii? Na nani alifinya? Aliwapitisha wote wa daftari mmoja mmoja, akimshuku kila mtu, hata padri.

Gérard alimpeleka siberi kwake, akamfungulia anwani mpya, ya jina lake mwenyewe. Ilichukua dakika tano. Dakika tano! Angèle alimwangalia fundi huyo, asijue kama amkumbatie au ampige kofi kwa kutosema mapema. Kisha akaandika, na safari hii hakuomba msamaha wa kitu: «Yaya Lambert, ni miye Angèle. Mama iko muzima. Piga simu kwa hii namba.»

Kesho yake saa tisa mchana simu ililia, namba ndefu kama ya benki. Angèle alikuwa anamgeuza mama kitandani. Alipokea kwa mkono wenye dawa.

«Alikufa siku gani?» Hiyo ndiyo salamu ya Lambert.

«Nani?»

«Mama. Usinifiche, Angèle.»

«Yaya, soma vizuri! Niliandika ni muzima. Iko hapa, ananitukana juu ninamuumiza.»

Upande wa pili mwanaume mzima akaanza kulia. Angèle alitoka nje uani, akamweleza yote: kidonda, daktari Félicien, chini ya goti, mama anavyongoja neno lake. Akamweleza listi na sentineli na kikapu, kwa maneno ya Gérard, akiyachanganya.

«Ni miye nilifinya,» Lambert akasema.

«Ulifinya nini?»

«Kile kitu. Kila asubui mbele ya kwenda kazi nafungua mashini, naona jina ya umoja yenu. Tangazo la kifo. Roho inanitoka, nasema, leo ni Mama. Nasoma, ni mama ya mutu mwingine. Saa sita tena. Jioni tena. Nilichoka, Angèle. Siku moja nikafinya. Nikasema nisione tena kitu kinatoka kwenu.»

Angèle hakujua akasirike na nani. Alisimama kati ya kamba za nguo, simu sikioni, na kichwa chake kilikuwa kama soko la Jumamosi. Ni yeye aliyeandika herufi zile kubwa. Vidole ni vyake.

«Na barua zangu?»

«Nimeziona leo mule kwa kikapu. Nimesoma zote nne.» Lambert alivuta kamasi. «Kumbe shati ilikuwa weye?»

«Yaya, tutasema ya shati siku ingine.»

Alimpelekea mama simu. Mama Élise alijiinua kwa viwiko, akajifunga kilemba kwanza, kana kwamba Lambert anamwona.

«Mama, wakate,» Lambert alisema.

«Umesema weye mwenyewe?»

«Nimesema, Mama. Unisamehe.»

«Nikusamehe nini, Mumbere? Umesema, imekwisha,» mama alijibu. Akarudisha simu na kuagiza aletewe kitenge chake kizuri cha kwendea hospitali.

Asubuhi yake, hospitalini, daktari Félicien alifungua kidonda, akabonyeza juu yake, akabonyeza juu zaidi, akabonyeza kwenye goti. Hakusema kitu mbele ya mgonjwa. Alimwita Angèle kwenye koridori.

«Dada, kwa zile siku zote imepanda,» alisema. «Chini ya goti haiwezekane tena. Tukate kwa paja, ao tumupoteze.»

Angèle aliegemea ukuta. Kama angeandika kwa anwani nyingine. Kama angemuuliza Gérard siku ya pili badala ya kukiri mashati. Kama Muzee Josaphat, kama Lambert, kama ile mashini ya kishenzi isiyoweza hata kusema kweli. Alitaka kumlaumu mmoja tu, apumzike, lakini kila alipomshika mmoja, mwingine alijitokeza. Alirudi kwa mama akamwambia. Mama alivuta shuka juu ya mguu.

«Mumbere alisema wakate,» akasema. «Ya wapi hakusema. Wakate.»

Jumapili, baada ya misa, Lambert alipiga simu hospitalini. Mama alikuwa macho, mdomo mkavu, akimtazama binti yake. Lambert aliuliza kama alikula, kama alilala, kama ana homa. Angèle akajua swali linalokuja.

«Walikata wapi?» aliuliza. «Zile siku zenye nilipoteza... zilifanya kitu?»

Angèle aliangalia shuka. Upande wa kushoto lilikuwa limelala bapa juu ya godoro, mapema sana, mahali ambapo mguu ulitakiwa kuwa unaendelea.

«Chini ya goti,» alisema. «Vile docteur alisema toka mwanzo.»

Alisikia kaka yake akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Hakuthubutu kumwangalia mama, mama asiyewahi kuvumilia uongo nyumbani kwake. Mama Élise alinyosha mkono kuomba simu. Angèle alimpa, akiamini sasa mama ataharibu yote.

«Mumbere,» mama alisema. «Goti iko. Niko naikunja hapa.» Halafu akamuuliza kama watoto walikwisha kula.