Haigongi

…na shangazi yako naye kaja na vile viatu vyake vya kumbana, anasema mama kwenye simu, na mimi naitikia ee mama, ehee, simu nimeibana kati ya bega na sikio, macho yako kwenye mashine, na mashine imeandika SUBIRI kwenye kioo chake, basi nasubiri, nifanyeje, mashine haibembelezwi, inavuta maji yake kwa kimrija chembamba na kuvuma, na ndani ya maji hayo kuna kijiko kimoja tu cha kinywaji cha protini, ladha ya chokoleti, nimekipika kwenye asidi asubuhi yote hadi rangi ikatoka, harufu ikatoka, maziwa yakatoka, na yale maneno matamu ya kwenye chupa, asilia, safi, nguvu kwa mwili wako, yote kwaheri, yamebaki maji maangavu na kile ambacho asidi haiwezi kukiondoa, yaani ninachokitafuta, risasi… kipimo cha kwanza kiliikuta, imevuka kiwango, si kwa mbali lakini imevuka, na bosi wetu, tunayemwita Rudia kwa sababu hata ukimwambia jua limechomoza atakwambia rudia, akaitazama namba akasema namba ya kwanza si habari, ni uvumi, rudia, sawa bwana, narudia, na leo namwombea awe amepatia, naomba iwe ni mkono wangu uliochafua chombo, mimi ninayeringia usafi wa vyombo vyangu mpaka wenzangu wananichukia, leo naomba niwe mchafu, maana chupa za aina hiyo hiyo, ladha hiyo hiyo, zimejaa kwenye friji ya mama, na mimi ndiye niliyezipanga… Unanisikia lakini, anasema mama, nakusikia mama, endelea, uongo mtupu, simu inakwaruza, krap krap, mtandao wa chumba hiki ni ovyo kabisa, anasema shangazi kakaa kwenye kile kiti kibovu, kaonywa, hasikii, na mkate wake kapakata kama mtoto, na mimi nawaza mifupa ya mama, tangu alipopasuliwa tumbo chakula kilimkataa, uji alikuwa anausukuma, wali anauangalia kama mgeni asiyemkumbuka jina, daktari akasema mpeni chochote atakachokikubali, na akakubali kimoja tu, hiki, cha vanila alikitema, kinanuka sabuni, alisema, na hiyo vanila ndiyo iliyotoka safi, nimeipima kwa mkono wangu, haina kitu, lakini nenda wewe ukamwambie mama yangu anywe sabuni… kwa chupa hii aliinuka kitandani, kwa chupa hii akaanza tena kugombana na watu wa kwenye runinga, mashavu yakarudi, sasa nimwambie nini, acha, halafu akiacha, arudi kulala kageukia ukuta? Au ninyamaze mpaka namba itoke, chupa moja zaidi haitamwangusha, najua, hii si sumu ya kumwangusha mtu mlangoni, inaingia kidogo kidogo, inajitafutia chumba kwenye mifupa na haihami, na mifupa yenyewe ndiyo ile, ukimshika mkono unaihesabu… hapana, sinyamazi, ila nitaanzaje, neno lenyewe amekwisha kuliharibu kwa mzaha, siku ile nilipomweleza kazi yangu, mama sisi tunapima vinywaji, tunatafuta risasi, akachukua chupa yake, akaitikisa kama ilivyoandikwa, tikisa kabla ya kunywa, akaitega sikioni, akasikiliza, akasema haigongi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamwambia si ya bunduki mama, ni madini, ni hayo hayo ila ni chembe zisizoonekana, kakao inaziokota kwenye udongo na vumbi huko inakoanikwa, akasema ahaa, kumbe, lakini tangu siku hiyo kila akitaka kunywa anaitikisa, anasikiliza, ananipigia, leo hakuna bunduki humu, mwanangu, nakunywa, na sasa amepiga, na wakati wowote atasema haigongi, atafungua kifuniko, na mimi nitakuwa nimesimama hapa nimevaa koti jeupe, nasema ee mama, ehee… krap, hebu ona simu hii, krap krap, na baba anatokea wapi tena sasa hivi, baba marehemu na redio yake, taarifa ya habari, mama yuko ubavuni mwake na mkate alioubanika mpaka kingo zikaungua, ndivyo alivyoupenda, na baba anapandisha sauti ya redio, anapandisha tena, mwishowe anasema mama watoto, tafuna polepole, dunia ina vita na mimi sisikii nani kampiga nani, na mama anamwangalia machoni, anang'ata kipande kingine kwa makusudi kabisa, krap…

Simu haikwaruzi. Simu ni nzima, mtandao nimeutukana bure, natoa simu begani naishika kwa mikono miwili kama ndiyo sampuli yenyewe, nasema, "Mama, naisikia."

"Unasikia nini, risasi? Chupa yenyewe hata sijaitikisa."

"Nasikia unatafuna."

Kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa anasema ni shangazi huyo na mkate wake, yeye mama alikuwa anaubanika tu ili nyumba inukie vizuri, akaonja, na hiki, kama kweli nataka kujua, ni kipande cha pili, cha pili jamani, na macho yangu yamejaa machozi na siwezi hata kuyafuta kwa sababu ya glavu, wacha yatiririke, sasa ndiyo sasa, uvumi au habari nitasema… "Mama, usiitikise. Irudishe kwenye friji, jioni nakuja kuzichukua zote. Safari hii inagonga." Hacheki, nangoja acheke, hacheki, ameelewa, kisha anasema ungesema mapema, chokoleti yako imenichosha siku nyingi, nilikuwa nakuonea huruma tu ulivyozipanga vizuri, na ukija pitia mkate, wa shangazi yako mwembamba mno… na kioo bado kimeandika SUBIRI, Rudia kachungulia mlangoni kainua nyusi, natikisa kichwa, bado, na namba itoke itakavyotoka, nitaiandika, ila sasa hivi nasikiliza hii nyingine, krap, anang'ata, krap, na mimi nanong'ona bila sauti, rudia mama, rudia.