Vita vya Barazani

Shaibu alikuwa na mdomo, jamani! Tangu arudi kutoka Burma na Keya, jeshi la Waingereza, baraza la kahawa la Kilindoni lilikuwa lake. Alivyowasimulia vijana, vita vilikuwa nyama za kopo, nyimbo, na sajenti aliyeogopa ruba. Watu wakicheka mpaka kahawa inawapalia. Matano, rafiki yake wa kufa na kuzikana aliyejiandikisha naye, alikuwemo katika kila kisa, isipokuwa kisa cha kufa kwake. Kwa Bimkubwa, mama wa marehemu, Shaibu alipeleka tanzia kiungwana, ameilainisha: homa ya siku moja, shahada mdomoni, akaoshwa, akasaliwa.

Basi likaja gari la sinema, ikatundikwa shuka kwenye ukuta wa ghala la mbata. Katika picha, vijana wawili wa kizungu, marafiki, wanakwenda vitani wakitaniana. Mmoja anapasuliwa tumbo, anamlilia mama yake matopeni, na mwenzake hana la kufanya. Shaibu alikwenda nyuma ya ghala akatapika.

Abeid, mdogo wake Matano, akamfuata. "Pole, kaka. Mimi kesho naondoka, naingia Keya. Wanataka watu wa kwenda kupigana nchi ya Malaya."

"Usiende! Kaka yako alikufa vilevile. Tumbo. Akimwita mama kutwa nzima, nami nimemziba mdomo ili adui asitusikie. Tukamwacha palepale, bila kaburi."

Abeid akaangua kicheko. "Ee! Hata ya sinema ushaifanya yako! Kaka Shaibu, hukosi kisa!"

"Wallahi, Abeid!"

Kijana anacheka tu. Na Shaibu amlaumu nani? Majuto ni mjukuu.

Ilibaki njia moja. Abeid hawezi kusafiri bila radhi ya mama yake, na mama hakwenda sinema; yeye angeamini. Asubuhi Shaibu akabisha hodi kwa Bimkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumuaga mdogo wako?" Bimkubwa alikuwa akifunga vitumbua vya safari. "Nimempa radhi. Moyo ulikataa, nakwambia. Nikakumbuka maneno yako, kwamba Matano hakuteseka, na alizikwa kiislamu. Miaka yote hii nalala kwa maneno yako. Mungu akulipe."

Shaibu akafungua kinywa, kinywa kile kisichokosa neno. Akamtazama yule mama anavyokaza fundo la kifurushi.

"Amin, mama," akasema. Akaubeba mzigo wa Abeid mpaka forodhani.