Sakafu ya Chumba Namba Sita

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, Oktavia alipangusa meza, akaweka rula ya sentimita thelathini kando ya daftari, kisha akamwita mtu wa kwanza. Nje ukungu wa Makambako ulikuwa bado haujainuka, na malori ya mbao yalipita yakiwa yamewasha taa. Aliingia Anderson, fundi wa dingidongi, ile mashine ya kupasulia magogo. Akavua kofia yake ya sufu, akaketi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Hali yako ikoje?"

"Salama tu."

Kiti kikazama kwenye sakafu ya saruji. Oktavia akainama, akapima, akaandika: sentimita kumi na saba.

Kilikuwa kinafanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Mtu akisema yuko salama na kumbe hayuko, kinashuka. Akisema lililopo, kinapanda polepole kama mzee anayenyanyuka. Pale kituo cha afya hakuna aliyekuwa na habari nacho, isipokuwa mhudumu wa usafi, ambaye alilalamika kwamba yale mashimo manne ya miguu ya kiti yanashika vumbi.

Oktavia alikuwa na shahada ya kwanza ya saikolojia. Miaka yote mitatu ya chuo, kila aliporudi likizo kwao Kifanya, baba yake, mzee Silvesta, alifumba macho mbele ya wageni na kumtaka ataje anachokiwaza. "Unawaza chakula, baba," alijibu, na hakukosea hata mara moja. Wageni walirudi makwao wakisema kweli mtoto amesoma.

Wenzake wa darasani walikuwa wameshika njia zao. Mmoja aliajiri na kufukuza watu katika benki fulani. Mwingine alizunguka vijijini na kishikwambi akiwahoji watu kwa niaba ya watafiti. Mmoja alikuwa gerezani, kikazi, akiwashauri wafungwa. Wawili waliuza bima, na waliuza vizuri, maana walifundishwa vyema binadamu anaogopa nini. Rafiki yake Ema alikuwa ofisa rasilimali watu kwenye ghala la parachichi mjini Njombe, na alikuwa amemshikia nafasi hadi mwisho wa Juni. Shahada ile ilimpeleka mtu popote alipotaka. Oktavia alitaka chumba kimoja, viti viwili na mlango unaofungika. Ndiyo maana alikuwa akijitolea Makambako kwa miezi sita, akisubiri ofisi ya juu ikubali kuweka nafasi ya mwanasaikolojia. Kama isingekubali, chumba kingefungwa.

Alijua kazi yake na hakujifanya haijui. Watu wa huku, ukiwauliza hali, hujibu salama kwanza. Hata aliyetoka kuzika atakujibu salama, na ndipo baadaye, ukimpa nafasi, ataongeza "ila". Maofisa waliokuja zamani na fomu za kuwahoji walikuwa na haraka. Waliandika salama, wakashukuru, wakaondoka, na kwa namna hiyo ripoti za miaka minne mfululizo zilionyesha kwamba wilaya nzima haikuwa na mtu hata mmoja mwenye huzuni. Oktavia alikuwa akisubiri ile "ila".

Ya Anderson ilichukua dakika hamsini.

"Ila yule mdogo wangu, Yoramu," alisema akiangalia kofia yake. "Mti ulipoanguka. Mimi ndiye niliyemwambia asimame pale."

Kiti kikapanda sentimita mbili. Oktavia akamsogezea maji. Kufikia wiki ya tano kilikuwa kinazama sentimita nne tu, na Anderson alikuwa amerudi kulala usiku. Wengine thelathini walikuwa daftarini, kila mmoja na namba zake zikishuka wiki hadi wiki. Oktavia alilinakili daftari lote kwa mwandiko mzuri, bila majina, akalituma ofisi ya juu. Alikuwa na uhakika. Nani angebishana na rula?

Katikati ya Mei akaja Bwana Romanus, ofisa utumishi, na faili chini ya kwapa. Alikuwa mtu mwenye adabu na viatu vilivyong'aa. Akakaribishwa kiti.

"Habari za nyumbani, mzee?"

"Salama kabisa."

Kiti kikashuka, naye akashuka nacho, hadi sakafu ikamfika kwapani. Tai yake ikalala juu ya saruji. Aliweka faili mbele yake sakafuni, akalifungua na kuendelea na kikao, akiuliza idadi ya wagonjwa na ukubwa wa chumba. Oktavia alimjibu yote. Kisha akasubiri, kwa sababu aliiona ile "ila" ikija. Macho ya Bwana Romanus yalikuwa yamelowa.

"Ila," alisema Bwana Romanus. Akamtazama dereva wake aliyesimama mlangoni. "Ila sakafu yenu hii ni mbovu."

Walimtoa wanaume wanne.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Aya ya kwanza ilisema kwamba kada ya mwanasaikolojia haimo kwenye ikama, hivyo ombi halikukubaliwa. Aya ya pili ilisema kwamba ukarabati wa sakafu umeidhinishwa kwa dharura. Oktavia aliisoma mara mbili. Iliumiza, na kilichouma zaidi ni kwamba namba zake walikuwa wamezisoma zote. Walizinukuu kwenye aya ya pili, kuonyesha ubovu wa sakafu. Jioni ile alimpigia Ema, akamwambia anakuja.

Fundi Elius alikuja na nondo, kokoto na zege la unene wa shubiri. "Hapa sasa hata tembo aketi," alisema, naye hakuwa mtu wa kujisifu bure.

Ijumaa ya mwisho ya Juni, Anderson alikuja ingawa haikuwa siku yake, akavua kofia, akaketi.

"Nasikia unaondoka, dada."

"Jumatatu naanza Njombe."

"Sasa Jumanne nije kwa nani?"

Kulikuwa na namna ya kulijibu swali lile kwa kulizunguka, na Oktavia alikuwa amepata alama nzuri katika somo hilo. Hakuitumia.

"Hapa hakutakuwa na mtu, Anderson. Namba yangu unayo, nipigie Jumanne hiyohiyo. Lakini hapa hakutakuwa na mtu."

Anderson akavaa kofia. "Basi haina shida, dada. Mimi niko salama."

Kiti hakikutikisika. Kilichoshuka ni chumba, pamoja na korido, stoo ya dawa na benchi la foleni na watu wote waliokuwa juu yake. Nyasi za nje zikapanda hadi kwenye kioo cha dirisha, zikatulia.

"Angalieni miguu mkitoka!" Sista Telesia aliita kutoka mapokezi. "Hapo mlangoni pameinuka."

Elius, aliyekuwa akiosha vyombo vyake bombani, akaitwa. Alipima kizingiti: sentimita kumi na tisa.

"Ngazi moja itatosha," alisema Telesia.

Elius akaliangalia benchi. Akamwinamia mama mmoja aliyepakata mtoto.

"Kamwene, mama. Hali?"

"Salama, baba."

Akapima tena: ishirini. Akamgeukia mzee aliyefuata, akamuuliza vilevile, akajibiwa vilevile, akapima. Benchi lilikuwa na watu ishirini na tisa, na wengine walikuwa wanaingia getini. Oktavia alisimama mlangoni mwa chumba namba sita akiwa na ufunguo mkononi.

"Nijenge tatu kabisa," alisema Elius.

Ombi la saruji lilipelekwa saa sita mchana. Kabla ya saa nane lilikuwa limeidhinishwa.