Pingamizi la Kitalu C

Vidhi Tulsidas alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa kugeuza mashamba kuwa mitaa. Hakushika jembe wala sururu. Alikaa ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani la Mchafukoge, kompyuta mbele yake, feni juu ya kichwa chake, na kelele za Kariakoo zikipanda dirishani tangu asubuhi. Akiletewa eneo, alilikata viwanja, akachora barabara, akatenga pa shule na pa zahanati. Mchoro ukishapita serikalini, palipokuwa na mihogo panaitwa makazi.

Mwezi wa saba alipewa Kimbululu.

Kimbululu ni bonde la mpunga, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka mjini. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imelinunua lote, na bosi wa Vidhi, Ghassan Salem, alipewa kazi ya kulibadilisha matumizi. Vidhi alichora kwa wiki tatu. Mchoro ulipokamilika ulitangazwa kwa siku thelathini ili mwenye pingamizi aje aseme. Nakala moja ilibandikwa ofisi ya kijiji, nyingine ukutani kwenye korido yao pale Mchafukoge, na chini yake wakaweka benchi na daftari.

Siku tisa za mwanzo hakuja mtu.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Ghassan na wenzake walikwenda msikitini, na Stella, mhudumu wa ofisi, alishuka kununua chakula. Vidhi alibaki peke yake. Akasikia mtu anapanda ngazi polepole, na kila hatua ilitoa mlio kama wa mguu unaonasuliwa kutoka kwenye tope. Akatoka koridoni. Mwanamke wa rika lake alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunga kaniki mpaka kifuani, nywele zimemgandia kwenye paji la uso kama aliyenyeshewa. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Karibu dada," alisema Vidhi. "Umekuja kuangalia mchoro?"

Mwanamke aliinuka, akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa ni wapi?"

"Hapo ni Kitalu C. Inapita barabara."

"Upana wake?"

"Mita kumi na tano."

Mwanamke alilaza viganja vyake viwili juu ya barabara ile, kimoja kando ya kingine, kama anayepima kitanda. "Itatupita juu," alisema.

"Samahani?"

"Tuko kumi na mmoja. Itatupita juu sote."

Vidhi alidhani anasikia habari ya familia iliyorukwa kwenye fidia. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Akamwambia aandike pingamizi kwenye daftari.

"Sijui kuandika. Niandikie wewe."

"Jina?"

"Sikudhani binti Kondo."

Vidhi aliandika jina, akaandika na maneno yenyewe kama alivyoambiwa: tuko kumi na mmoja, barabara itatupita juu. Mwanamke akagandamiza dole gumba kwenye karatasi bila kuomba wino. Alama ilibaki, nyeusi na mbichi. Vidhi akaingia ndani kuchukua fomu ya kuandikia namba ya simu. Aliporudi, koridoni hapakuwa na mtu. Hakuwa amesikia hata hatua moja ikishuka.

Stella alipanda na mifuko miwili ya chakula. "Nani kamwaga maji kwenye benchi?"

"Umepishana na mwanamke kwenye ngazi? Kavaa kaniki."

"Wala. Nimesimama hapo mlangoni kwa mama ntilie robo saa nzima. Hajatoka mtu, hajaingia mtu." Stella aliinama kufuta benchi, kisha akanusa lile tambara. "We Vidhi, haya siyo ya bomba. Yananuka jaruba."

Ghassan aliporudi, Vidhi alimwonyesha daftari. Alilisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Kumi na mmoja wapi? Ridhiwani kaenda kupima, kajaza fomu mwenyewe. Hakuna nyumba, hakuna kisima, hakuna makaburi. Watu wa mashambani wakisikia viwanja, kila mmoja anaota ukoo."

"Lakini bosi, huyu hakutaja fidia hata kidogo."

"Atataja. Wape muda."

Jumatatu asubuhi Stella ndiye aliyefungua ofisi, na akampigia simu Vidhi aliyekuwa bado njiani. Benchi lilikuwa na maji tena, mahali panne, yamekaa sambamba kama walivyokaa watu wanne. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mlango Jumamosi, na funguo alilala nazo. Jumatano palikuwa mahali saba. Benchi lilikuwa limejaa, na mengine yalianza sakafuni, kando ya ukuta, chini ya mchoro. Stella alifuta yote. Alipomaliza aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na akapewa.

Vidhi aliishi na mama yake, Harshida, mitaa miwili tu kutoka ofisini. Siku hiyo alishindwa kula. Mama yake alimtazama akisukuma dengu kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine, akamuuliza kunani. Vidhi alimsimulia yote, akitegemea kuchekwa.

Harshida hakucheka. "Mtu akikwambia jambo mara moja, halafu akaleta wenzake wakae mlangoni kwako, huyo anangoja," alisema. "Umemjibu nini mpaka sasa?"

"Sijamjibu."

"Basi."

Ijumaa ilipofika, Vidhi hakuingia ndani. Alivuta kiti koridoni akakaa mbele ya benchi lililokauka. Wenzake waliondoka kwenda kuswali. Kelele za chini zikapungua, kama redio inayopunguzwa sauti. Kisha, mbele ya macho yake, mbao za benchi zikaanza kuwa nyeusi kwa unyevu. Mahali pa kwanza. Pa pili. Maji yalijitokeza kutoka kwenye mbao zenyewe, yakatambaa mpaka yakafikia upana wa mtu, yakasimama. Benchi likajaa watu sita. Sakafuni wakaongezeka watano, na watatu wa mwisho walikuwa wadogo, alama ambazo angeweza kuzifunika kwa kiganja.

Vidhi alihesabu kwa kidole mpaka alama ya mwisho.

"Umetuhesabu?" Sauti ilitoka karibu na sikio lake la kushoto, sauti ile ile ya yule mwanamke, wala haikuwa na hasira.

"Nimewahesabu," alisema Vidhi. "Kumi na mmoja."

Spika za Kariakoo zikarudi kwa kishindo.

Mchana huo huo alimtafuta Ridhiwani, yule mpima ardhi. Alikuwa amepanga chumba Buguruni, na walikutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya mafundi gereji. Vidhi hakuzunguka.

"Ulifika bondeni, au hukufika?"

Ridhiwani aliikoroga chai yake iliyokwisha korogwa. "Nilifika."

"Ukapima?"

"Nilianza." Alitazama huku na huku. "Dada, ukinicheka naondoka. Mwenzangu alikuwa amesimama ng'ambo, kashika fimbo ya kulengea. Yuko peke yake, namwona kwa macho. Naweka jicho kwenye mashine, naona watu. Wamejipanga mstari, bega kwa bega, wamenigeuzia uso. Natoa jicho, hakuna mtu. Narudisha, wapo. Na vipimo vikawa havikubali: kila nikipiga, mashine inaniambia kitu kiko mita mbili mbele yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakunja vyombo. Sehemu ile niliichora kwa picha ya setilaiti. Fomu nikajaza kwamba hakuna kitu." Akashusha kikombe. "Ningemwambia nini Ghassan? Kwamba nimeona watu ndani ya lenzi?"

Kesho yake walikwenda Kimbululu pamoja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mama wa makamo aitwaye Sofia. Aliwapokea vizuri, akawapa viti chini ya kibaraza chake. Lakini Vidhi alipotaja Kitalu C na kusema "kumi na mmoja", Bi Sofia aliacha kutabasamu.

"Nani kakwambia hesabu hiyo?"

"Mtu alikuja ofisini."

"Mtu wa hapa?" Alitikisa kichwa. "Wa hapa hawezi. Tulikula kiapo."

Akawapeleka bondeni. Mpunga ulishavunwa, majaruba yalikuwa makavu, ardhi imepasuka. Ukingoni palikuwa na minyaa imeota kwa mviringo, mirefu kupita mtu, na katikati yake hapakuwa na kitu ila majani. Bi Sofia alivua kandambili kabla ya kukaribia, na wenzake wakafanya hivyo hivyo.

"Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, kabla ya vijiji vya ujamaa," alisema. "Mto ulikuja alfajiri. Watu walikuwa kwenye madungu yao shambani, wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Maji yaliposhuka waliokotwa kumi na mmoja. Ardhi yote tope, huwezi kuchimba makaburi kumi na moja. Wakalazwa pamoja hapa."

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza Vidhi.

Bi Sofia aliitazama minyaa. "Wanunuzi walipokuja waliuliza kama kuna makaburi. Tukatazamana. Mpunga siku hizi hautoki, vijana wote wako mjini, na kila mtu alitaka kuuza. Tukasema hakuna. Mama yangu mkubwa yumo humo, na mimi nilisema hakuna." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nani alikuja kwako?"

"Sikudhani binti Kondo."

Bi Sofia alimwangalia kama hakusikia vizuri. Akahesabu kwa vidole, jina kwa jina, na Vidhi akaandika: wanaume wanne, wanawake watatu, watoto watatu. Kumi. Hapakuwa na Sikudhani.

"Wa kumi na moja hakuwa wetu," alisema Bi Sofia taratibu. "Maji yalimleta kutoka juu huko. Mwanamke. Hakuna aliyemjua jina, wakamzika hivyo hivyo na kaniki yake." Akakaa chini palepale kwenye nyasi. "Wale kumi wana ndugu hai, ndio sisi, na wote tulinyamaza. Mgeni ndiye aliyekwenda kutusemea."

Vidhi alirudi mjini, akaifuta barabara ya Kitalu C. Akaipindisha, akapunguza viwanja tisa, akaweka eneo la wazi lenye uzio kuzunguka minyaa. Ghassan alipouona mchoro mpya alikunja uso.

"Viwanja tisa, Vidhi! Nitawaambia nini wenye kampuni? Kwamba benchi lilikuwa bichi?"

"Waambie kuna makaburi. Ukipeleka mchoro wa zamani, naandika pingamizi kwa jina langu, na Ridhiwani anaandika lake."

"Utakosa kazi."

"Nitakosa."

Ghassan aliliendea daftari lile. Alama ya dole gumba ilikuwa bado mbichi, wiki mbili baadaye. Aliigusa, akatazama ncha ya kidole chake, akaenda kunawa. Alinawa mara tatu. Alipotoka alisaini mchoro mpya bila kumtazama Vidhi usoni, na siku zilizobaki alipitia mlango wa nyuma, mbali na benchi lile.

Wanakijiji walikuja wenyewe Mchafukoge kabla ya siku thelathini kwisha, Bi Sofia mbele, kila mmoja akaweka jina lake daftarini. Maombi yakapita. Bonde likawa makazi. Katapila likaja kabla ya vuli, likasawazisha majaruba yote, likaacha mviringo mmoja. Vidhi hakujisifu kwa hilo. Sehemu nyingine yote ya bonde ilikwenda.

Bi Sofia hakuishia hapo. Alituma habari msikiti kwa msikiti, kufuata mto mpaka juu, akiulizia ukoo wa Kondo. Mwezi wa kumi na mbili, mwanaume mmoja wa karibu miaka sitini alipanda ngazi za ofisi, kofia mkononi, akamuulizia Vidhi.

"Shikamoo," alisema Vidhi, akamvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ulimwona mama yangu."

Vidhi aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilikuwa na miaka miwili," alisema yule mwanaume. "Aliondoka nyumbani kwenda kuomba mbegu kwa shangazi yake, hakurudi. Kwetu walisema ametutupa, amekimbilia Dar es Salaam. Nimekua nikiambiwa hivyo: mama yako yuko mjini." Aligeuza kofia mikononi. "Alikuwa mzee?"

"Hapana. Rika langu."

"Alionekana vipi? Kama mtu mwenye adhabu?"

"Alionekana kama mtu mwenye shughuli," alisema Vidhi. "Aliuliza upana wa barabara. Alitaka kujua kila kitu."

Mwanaume alicheka, machozi yakimtoka. Akauliza kama Sikudhani alipita kwenye ngazi zile zile, na Vidhi akamwambia ndiyo, hizo hizo, tena peke yake. Baadaye yule mwanaume aliaga, akaanza kushuka. Aliweka mkono ukutani na kukanyaga kila ngazi kwa uangalifu, na ilimchukua muda mrefu sana kufika chini.