Mwenye Pembe Namba Kumi na Nne

Fundi wa maabara alikata kipande cha pembe ya tembo, kidogo kama punje ya mahindi, akakisaga, akatia unga kwenye kichupa na kukiandika kumi na nne. Kisha akamwambia mlinzi afungue geti, maana unga ukishaingia kwenye mashine ya vinasaba, mwenye pembe huja. Geti lilishavunjwa mara mbili kwa uvivu wa mlinzi.

Pembe hiyo ilikutwa chini ya kitanda cha shemeji yake fundi, mume wa dada yake, askari wa wanyamapori, siku mbili baada ya askari huyo kuuliza mbona pembe za ghala la kituo zinapungua. Sasa yuko mahabusu, akidaiwa kumuua tembo wiki iliyopita.

Saa nne tembo akaingia. Jike, kikongwe, sikio la kushoto limetoboka. Mashine ikatoa jibu, likalingana na daftari la ghala: huyu alikufa kwa uzee miaka mitatu nyuma, pembe zake zikafungiwa ghalani. Ufunguo wa ghala anao mkuu wa kituo peke yake.

Fundi akampelekea karatasi.

"Mkuu, huyu ni bibi yetu wa ghalani."

Mkuu akachungulia dirishani. "Ndiye. Amekonda, maskini. Andika sampuli imeharibika."

"Haijaharibika. Na mwenyewe yule pale uani."

"Yule ana muhuri?"

Fundi hakuandika. Mkuu akaandika mwenyewe, akagonga muhuri, akaenda kunywa chai.

Siku ya kesi fundi alikwenda mahakamani na tembo. Hakimu aliagiza milango yote miwili ifunguliwe, akamsalimu mgeni kwa heshima, kisha akasema mahakama hupokea ripoti yenye muhuri. Shemeji akapewa miaka ishirini. Dada hakulia. Aliuliza tu kama gerezani wanapokea sabuni ya kipande au ya unga.

"Ya kipande," mtu akamjibu.

Jumapili fundi alipeleka sabuni, akamkuta tembo keshapanga foleni, nyuma ya mama mmoja mwenye kapu. Walipofika dirishani, askari wa daftari akainua kalamu.

"Huyu ni nani wake mfungwa?"

"Marehemu," fundi akasema. "Ndiye wanayesema mfungwa alimuua."

Askari akaandika "marehemu" kwenye safu ya uhusiano.

"Haya, bibi, dakika kumi. Na usimguse."