Makumbi Chini ya Gati

Lori lilikuwa limeshamwaga udongo wake Nyevu alipofika ufukoni. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, na tope la hori la Port Reitz, ule mkono wa bahari uingiao bara, lilikuwa wazi, jeusi, likinuka kama siku zote. Lakini pale ukingoni, pale pale alipofukia makumbi yake ya nazi, palikuwa na kilima cha udongo mwekundu.

Alisimama tu, kikapu kichwani, akiutazama ule udongo.

Wanawake wa upande ule walichimba mashimo topeni, wakafukia makumbi, wakayakandamiza kwa mawe na kuyaacha miezi mingi mpaka yalainike. Kisha waliyachimbua, wakayapura kwa rungu hadi zikabaki nyuzi tupu, na nyuzi hizo wakazisokota kamba. Tangu vita vianze, kamba zilikuwa zikigombaniwa. Meli zilizitaka, askari walizitaka, na hata hao waliokuwa wakijenga gati jipya hapo ufukoni walifungia mbao zao kwa kamba za wanawake hao hao.

Kwa Nyevu makumbi hayo yalikuwa na uzito zaidi. Mumewe, Gershom, alipofariki, wazee wa ukoo walimtaka arithiwe na shemeji yake, Chengo. Nyevu alikataa. Alisema yeye ni mwanamke wa kanisani, na Chengo ana mke wake ndani. Wazee wakashauriana, wakamwambia, "Haya. Ukiweza kujilisha wewe na mwanao mpaka mavuno, hatutakusumbua. Ukishindwa, utaingia nyumbani kwa Chengo." Nyevu akafukia makumbi mengi kuliko mwanamke yeyote pale, na sasa yalikuwa yamekaribia kuiva.

"Nani aliyewapa ruhusa?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo, kama kawaida yake.

Tsofa, bibi aliyemfundisha kusokota kamba, alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alitema mate.

"Muulize shemejio. Si ndiye nyapara wa gati? Juzi alipita hapa na Mzungu wa kampuni. Mzungu akauliza kama tope hili lina mwenyewe. Shemejio akasema hapa hatuna kitu."

"Alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake. Na wanaume wenzake wote wakatazama miguu yao."

Nyevu aliwafahamu wanaume wa kwao. Mambo ya topeni yalikuwa ya wanawake. Mwanamume hakukanyaga pale, wala hakutaja shimo la mke wa mwenziwe mbele za watu, ilikuwa aibu. Tena mashimo yenyewe hayakuwa na alama yoyote, maana kila mwanamke alilijua lake. Mueni, mke wa Mkamba mmoja wa reli, alipokuja kujifunza kazi alisimika fimbo kwenye shimo lake, wakamcheka mpaka akalia. Nyevu ndiye aliyeing'oa ile fimbo. "Kwetu hatuibiani, dada," alimwambia.

Sasa Mueni alimsogelea, leso amejifunga kiunoni. "Mngeniachia fimbo yangu, Mzungu angeuliza ni ya nini."

Maneno hayo yakamzidishia Nyevu hasira.

Chengo aliteremka kutoka gatini, kaptula ya kaki imenyooka kwa pasi, filimbi shingoni. "Hujambo, shemeji?"

"Ulimwambia Mzungu hapa hatuna kitu?"

"Ningesema nini? Nitaje mashimo ya wanawake mbele za watu? Wewe wajua mambo haya hayasemwi."

"Kumtaka mjane wa nduguyo mbele za wazee hukuona haya. Makumbi ndiyo yanakutia aibu?"

Tsofa alicheka kicheko kikavu. "Mjibu, bwana filimbi!"

"Sikilizeni, mama zangu," alisema Chengo. "Hapa kinakuja kiwanda cha mafuta ya nazi. Vijana wetu watapata kazi. Nazi zitaletwa pamoja na makumbi yake, na makumbi yatakuwa kuni za mitambo. Hata mkiyaokoa haya, mengine mtayatoa wapi? Nchi inakwenda mbele."

"Inakwenda mbele kwa kutukanyaga sisi?"

Chengo akapunguza sauti. "Nyevu, mlango wangu u wazi. Ya nini kujitesa?"

Hapo ndipo Nyevu alipomwelewa. Aibu ilikuwapo, ndiyo, lakini haikuwa aibu peke yake.

Alitua kikapu, akaingia topeni mpaka magotini, akaanza kuuchimba ule udongo kwa mikono. Mueni akamfuata na jembe. Tsofa naye akajiinua polepole, akilaani kwa Kirabai maneno ambayo kanisani hayasemwi.

Lori likarudi kinyumenyume, limejaa mawe. Chengo akapuliza filimbi. "Tokeni! Mtafukiwa!"

"Tufukie," alisema Nyevu bila kugeuka. "Kazi hiyo umeshaizoea."

Kelele zikamleta Mzungu wa kampuni, kofia mkononi, akiuliza maswali kwa Kiingereza. Nyevu alichomoa kumbi moja jeusi linalovuja maji, akapanda ukingoni, akamtia Chengo mkononi. Harufu yake iliwafanya vibarua warudi nyuma.

"Mwambie hiki ni nini."

Chengo alilishika kumbi mbali na kaptula yake, akasema maneno machache. Mzungu akacheka, akaondoka akitikisa kichwa.

"Umemwambia nini?"

Chengo alilitupa kumbi, akajifuta mkono. Rama, dereva wa lori, kijana wa Changamwe aliyekisikia Kiingereza kidogo, ndiye aliyetoa kichwa dirishani. "Amemwambia mnatafuta kuni, mama."

Akazima injini, akashuka, akafunua boneti. "Gari imechemka, bwana nyapara. Haiendi."

"Haikuchemka! Sasa hivi ilikuwa inakwenda!"

"Basi iendeshe wewe."

Wanawake walichimba mpaka maji yakaanza kurudi. Nyevu alipata sehemu ndogo tu ya makumbi yake. Mengine yalikuwa chini kabisa, na alipofika kwenye mawe maji yalikuwa yamemfika kifuani.

"Hayo hayatakufikisha mavuno," alisema Chengo.

Nyevu alijitwisha kikapu, maji meusi yakimtiririka usoni, akapita mbele yake kama anayepita nguzo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mzee Boga, mkubwa wa ukoo. Mzee alikuwa uani akinywa uji. Aliposikia harufu akaweka bakuli chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti, mwanangu."

"Sikuja kuketi."

Akasema yote. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mzee, lakini sauti yake haikukatika. Tsofa na Mueni waliokuja nyuma yake waliitikia kila neno. Mzee Boga akatuma mtu amwite Chengo. Mtu akarudi peke yake. Chengo alisema hawezi kuacha kazi ya kampuni.

Mzee akamgeukia Nyevu. "Amekufukia chakula chako, na nikimwita haji," alisema. "Siwezi kukupeleka ukaishi kwake. Habari ya kurithiwa imekwisha. Hata ukishindwa kujilisha, imekwisha."

"Na mashimo yetu?"

"Hilo siliwezi, mwanangu. Kampuni siiwezi."

"Umejaribu?"

Mzee aliinama. Alilitazama bakuli lake la uji.

Nyevu hakushukuru. Alichokuwa amepewa kilikuwa chake tangu mwanzo. Akamwaga makumbi hapo hapo uani, akauliza rungu liko wapi, maana ufukoni hapakuwa tena na mahali pa kupuria.